Pete niliyoiokota chini ya theluji ina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu makala mliyoichapisha mwezi uliopita, iliyoeleza habari za Waafrika Mashariki waishio Uingereza ambao hutoka na mashine za kutambua metali wakati wa baridi kali na kurudi nyumbani na pete, mikufu na sarafu za zamani. Nimeisoma mara tatu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ninaishi Leicester, katikati ya Uingereza, kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na hii ni baridi ya saba ninayoipitisha mashambani na mashine ya namna hiyo hiyo, kila Jumapili ambayo zamu yangu ya kazi inaniruhusu. Kwa hiyo sisemi ya kusikia. Makala haikusema uongo, lakini iliacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mwenye mali.

Tangu makala ile itoke nimepigiwa simu na watu watano wa nyumbani. Mpwa wangu aliyeko Tanga, baada ya shikamoo na habari za wazee, aliingia moja kwa moja: "Mjomba, safari hii usiniletee nguo. Niletee ile mashine tu, maana huku nako mali ya Mjerumani imejaa ardhini." Sikumlaumu. Aliyoyasoma yalimwonyesha mtu anayetembea juu ya theluji, anasikia mlio, anachimba, anatia mfukoni, basi. Mwenye shamba hayumo katika picha hiyo, aliyeipoteza pete hayumo, sheria haimo, na hata baridi yenyewe imetajwa kama pambo.

Nianze na hiyo baridi, kwa sababu watu huniuliza kwa nini nisisubiri jua. Jibu liko kwa mkulima. Kuanzia machipuko mpaka mwezi wa Agosti mashamba ya huku yamefunikwa na ngano, shayiri na mazao mengine, na hakuna mkulima mwenye akili atakayemruhusu mtu akanyage mazao yake kwa ajili ya kutafuta kifungo cha shaba. Baada ya mavuno sehemu kubwa hulimwa na kupandwa tena upesi, lakini yale mashamba yanayosubiri mbegu za machipuko hubaki na mabua matupu toka Novemba hadi Februari, na hapo ndipo mlango unapofunguka. Plau ikipita huinua vitu vilivyokuwa chini na kuvileta karibu na uso wa ardhi. Katika malisho nako nyasi zimekuwa fupi, hivyo sahani ya mashine, yaani lile duara la chini linalopitishwa juu ya ardhi, hukaribia udongo, na kila sentimita inayopungua kati ya sahani na udongo ni sentimita inayoongezeka kwenda chini. Udongo uliolowa mvua za miezi miwili nao husaidia, kwani sarafu iliyokuwa kimya Septemba huweza kusikika Desemba mahali pale pale.

Ila msaada huo una mpaka wake. Sakitu, yaani umande ulioganda, ikishika usiku, tabaka la juu la ardhi huwa gumu kama saruji, na mtu akilazimisha beleshi hapo hukata sarafu aliyokuwa akiitafuta, au hung'oa bonge la nyasi ambalo halitashika tena mizizi, na mkulima akiliona amekufungia wewe na wenzako wote watakaokuja baada yako. Siku kama hizo mimi huweka alama na kurudi ardhi ikilainika. Betri hupoteza nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba hukaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, na ile iliyoganda haichajiwi mpaka ipate joto la chumba. Waya unaounganisha sahani na mashine hukakamaa. Mwanga nao ni mchache: katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na kati ya hizo saa chache utahesabu pia muda wa kusafisha matope yaliyogandamana kwenye mabuti mpaka kila mguu unakuwa mzito kama mfuko wa unga.

Mlio nao si dhahabu. Mashine hii hutuma uga wa sumaku ardhini, uga huo huzusha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali yoyote inayokutana nao, na mkondo huo hurudisha ishara ambayo mashine huigeuza kuwa sauti na namba. Metali ya chuma huweza kutambulika kwa urahisi kiasi. Tabu iko kwenye dhahabu, kwa sababu pete nyembamba ya dhahabu hutoa ishara inayofanana sana na ya kishikio cha kopo la soda au kipande cha karatasi ya foili kilichokunjika. Anayeamua kuvipuuza vishikio vya makopo ili asichoke anapuuza na pete za wake za watu. Ndiyo maana mimi hurudi nyumbani na mfuko wa takataka, na Jumapili nyingi hakuna kingine ndani yake.

Sasa theluji. Mwandishi wenu aliitaja kama kikwazo, na kwa anayetafuta sarafu za kale ni kweli, kwani theluji ya sentimita kumi huiinua sahani sentimita kumi juu ya ardhi. Lakini theluji ndiyo inayoleta kazi ambayo naiona ina thamani kuliko zote, nayo ni kutafuta pete zilizopotea siku hiyo hiyo. Baridi hufanya mishipa ya damu ya vidole ijikaze, kidole hupungua unene, na pete iliyokuwa ikibana Julai hucheza Januari. Mtu anavua glavu kwa haraka, anakung'uta mkono, anafuta theluji kwenye kioo cha gari, na pete imekwenda. Ikiangukia theluji laini huzama wima mpaka chini na tundu hujifunga lenyewe, hivi kwamba mtu anaweza kusimama hatua moja kutoka ilipo na asione chochote isipokuwa weupe.

Baridi iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kigoma anayeishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Pete yake ya ndoa, ambayo marehemu mumewe alimvisha Ujiji, ilikuwa imepotea tangu Ijumaa usiku mbele ya mlango wa nyumba yake, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nilipofika niliona kwamba watu wenye nia njema walikwisha kutangulia. Kijana wake alikuwa amekwangua theluji yote kwa beleshi na kuirundika ukutani, jirani alikuwa amemwaga maji ya moto mara mbili ili theluji iyeyuke, na maji yale yaliganda usiku yakawa sakafu ya barafu ngumu.

"Kaka," aliniambia, "mimi nilikuwa ninamwaga chumvi tu watoto wasiteleze."

Nilimwomba avae koti lile lile na glavu zile zile, achukue ndoo ya chumvi, afanye alivyofanya Ijumaa. Alisita, kisha akafanya. Alivuta glavu ya mkono wa kushoto kwa meno, akaikung'uta mara moja pembeni, halafu ndipo akachota chumvi kwa mkono wa kulia. Yeye mwenyewe alisimama ghafla akaitazama ile glavu. Siku zote mbili walikuwa wakitafuta mahali chumvi ilipoangukia, kumbe pete ilitoka na glavu na kurukia upande wa pili, kule ambako theluji ilikuwa imekwisha kuzolewa na kurundikwa.

Niliomba pete ya mdogo wake, nikaiweka juu ya kipande cha theluji safi, nikapitisha sahani ili masikio yangu yajue mlio wa kutafuta. Kisha tukatandika turubai la plastiki mbali na chumvi, kwa kuwa chumvi iliyolowa hupitisha umeme na kuifanya mashine ilalamike ovyo, na kijana akaanza kuvunja lile rundo na kumwaga beleshi moja moja, akilitawanya jembamba kama mtu anayeanika mpunga. Beleshi la tatu lilitoa kizibo cha soda, la saba likatoa kishikio cha kopo, na mama akawa anainuka kila mlio unaposikika na kuketi tena. Beleshi la kumi na moja lilikuwa na bonge la barafu lenye ukubwa wa yai, na mlio wake ulikuwa ule ule wa pete ya mdogo wake. Ndani ya bonge hilo ulionekana mstari mwembamba wa manjano. Sikuligonga. Mama aliliweka ndani ya kikombe cha chai chenye maji ya bomba, akakiweka juu ya meza ya jikoni, na sisi wanne tukakizunguka tukikitazama. Hakuna aliyesema neno mpaka pete ilipogonga kitako cha kikombe.

Alitaka kunilipa, nikakataa, akanifungashia migebuka aliyoletewa kutoka nyumbani, na hiyo sikuikataa.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu wapo wasomaji wako wengi walioko Minneapolis, Toronto, Oslo na kwingineko kwenye theluji nyingi kuliko hapa kwetu, na jambo hili litawapata. Ukipoteza pete kwenye theluji, simama ulipo, usiendelee kutembea, na weka alama pale ulipokuwa umesimama, iwe kijiti, kiatu au chochote. Usikwangue, usimwage maji ya moto, usisogeze gari. Mzuie anayesukuma theluji asipite hapo, kwani akipita pete husafiri hadi kwenye rundo la mwisho wa barabara. Kama ni mahali pa umma, jaribu kukumbuka mikono yako ilifanya nini zaidi ya kukumbuka macho yako yaliona nini. Halafu tafuta mtu mwenye mashine kabla theluji haijayeyuka na kuganda tena, kwa kuwa wengi wa wenye mashine hizi huja bila malipo na hufurahi kuitwa.

Hiyo ni mali ambayo mwenyewe yuko hai na anajulikana. Iko ile ambayo mwenyewe alikufa miaka mia kumi iliyopita, na hapo ndipo makala yenu iliponiumiza zaidi, kwa kuwa ilimwacha msomaji adhani kwamba kilichokosa mwenyewe ni cha aliyekiona. Hapa Uingereza kila shamba lina mwenyewe, na bila ruhusa yake, ambayo ni vizuri iwe ya maandishi, mtu mwenye mashine ni mvamizi hata kama hajachimba. Mahali palipotengwa kama kumbukumbu ya kale hapaguswi kwa mashine bila kibali cha serikali. Kisha iko Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997, ambayo inahusu England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Kitu kisicho sarafu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 ambacho angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha, au sarafu mbili na zaidi za namna hiyo zilizopatikana pamoja, lazima ziripotiwe ndani ya siku 14 kwa yule afisa wa mahakama anayechunguza vifo vya mashaka, ambaye kwa desturi ya tangu enzi za wafalme wa zamani ndiye pia anayeamua mambo ya hazina. Tangu Julai 2023 sheria imepanuliwa ili iguse na baadhi ya vitu vya metali vyenye zaidi ya miaka 200 ambavyo vina umuhimu wa pekee kwa historia, hata kama havina dhahabu ndani yake. Jumba la makumbusho likikitaka kitu hicho, hulipa thamani yake, na kwa kawaida malipo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya aliyekipata na mwenye ardhi.

Wanaofuata utaratibu huu si wajinga wa bahati yao, na ushahidi uko katika miezi hii hii ya baridi. Tarehe 21 Desemba 2014, katika matembezi ya klabu ya watafutaji huko Lenborough, Buckinghamshire, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 5,200 za wafalme Æthelred wa Pili na Cnut, zikiwa zimefungwa ndani ya bamba la metali ya risasi kama mtu afungavyo chapati ndani ya foili. Desemba 2016, huko Leekfrith, Staffordshire, marafiki wawili walipata mapambo manne ya dhahabu iliyosokotwa, mikufu mizito mitatu na bangili moja, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Yaliripotiwa, yakathaminiwa pauni 325,000, na leo yanatazamwa na watoto wa shule katika jumba la makumbusho la Stoke-on-Trent, si mbali na shamba yalikotoka. Januari 2019, katika Chew Valley, Somerset, zilipatikana sarafu 2,584 za fedha za wakati ule ule wa vita vya Hastings vya mwaka 1066, nyingine zikiwa na sura ya Harold wa Pili aliyeuawa vitani na nyingine za William aliyemshinda, na thamani yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 4.3.

Lakini anayenifundisha mimi kila nikiinama ni mzee Eric Lawes wa Suffolk. Tarehe 16 Novemba 1992 mkulima rafiki yake alimwomba amtafutie nyundo iliyopotea shambani huko Hoxne. Akiwa anaitafuta nyundo, mashine yake ililia, na kilichofuata kilikuwa sarafu na vijiko vya dhahabu na fedha vya zama za Warumi. Yule mzee alitoa kiasi, akaona kilichobaki chini bado ni kingi, akaacha kuchimba. Nalirudia neno hilo: aliacha. Wakaitwa wataalamu, wakaja kesho yake, wakafukua kwa utulivu, na kwa sababu vitu vilikuwa bado katika nafasi zake waliweza kujua jinsi vilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo lenyewe lilikwisha kuoza. Sarafu peke yake zilikuwa 14,865. Alilipwa pauni milioni 1.75, na ingawa sheria ya wakati ule haikumlazimisha, aligawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na ipo London katika British Museum.

Upande wa pili wapo wale wawili waliochimba akiba ya zama za Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, huko Herefordshire mwaka 2015, wakaificha na kuanza kuiuza kidogo kidogo. Novemba 2019 mahakama ya Worcester iliwahukumu vifungo vya miaka 10 na miaka minane na nusu, ambavyo baadaye vilipunguzwa kwa rufaa. Inaaminika sarafu zilikuwa takriban 300, na zilizopatikana ni chache sana. Miongoni mwa hizo chache zipo zinazoonyesha wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, wakiwa bega kwa bega, jambo ambalo limewafanya wanahistoria wafikirie upya uhusiano wa falme hizo mbili. Zilizobaki zingesema nini zaidi, hakuna wa kumwuliza.

Wengi wetu, hata hivyo, hatupati hazina maishani. Tunapata sarafu moja moja, vifungo, bizimu za mikanda, risasi za bunduki za zamani. Hizo sheria hailazimishi kuziripoti, lakini tangu mwaka 1997 upo mpango unaosimamiwa na British Museum ambao maafisa wake, walioenea katika mikoa ya England na Wales, hupokea kitu kutoka kwa mtafutaji, hukipima, hukipiga picha, huandika mahali kamili kilipotoka, na kumrudishia. Vilivyoandikishwa vimepita milioni moja na nusu. Mwaka juzi nilipeleka nusu ya senti ya fedha, kwa maana watu wa kale huku walikuwa wakiikata sarafu vipande wapate chenji. Afisa aliiweka kwenye kiganja, akaigeuza chini ya taa, na swali lake la kwanza lilikuwa ni wapi shambani, karibu na mti gani, juu au chini ya mteremko. Bei hakuitaja.

Hili ndilo nililomweleza mpwa wangu, na naomba niliseme hapa kwa faida ya wengine waliopiga simu. Ni kweli kwamba Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo pale Tabora mwaka 1916, na ni kweli kwamba ardhi ya pwani yetu ina sarafu za kale kuliko hizo. Lakini Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na mtu hawezi kuchimbua vitu vya kale bila leseni. Sababu yake naiona wazi ninapokumbuka Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wataalamu walifukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Zile za fedha zina majina ya watawala lakini hazina tarehe. Ni zile dinari zilizolala pamoja nazo zilizosaidia kukadiria umri wake. Kama kijana mmoja angefika mbele yao na mashine usiku, angechukua dhahabu akauze kwa uzito, na sisi Waswahili tungebaki na vipande vya fedha visivyojua vilizaliwa lini.

Ndugu Mhariri, nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwezi wa Januari mwaka huu, katika shamba moja nje kidogo ya Leicester ambalo kiangazi hukodishwa kwa harusi na sherehe, nilikuwa ninapita juu ya theluji nyembamba isiyofika kifundo cha mguu. Mkulima alikuwa ameniruhusu kwa maandishi. Kwenye kona ambapo magari huegeshwa nilisikia mlio laini, wa namna ya kishikio cha kopo, nikainama kwa mazoea tu. Chini ya theluji, kwenye mizizi ya nyasi, kina cha kucha ya kidole gumba, palikuwa na pete ya dhahabu. Niliifuta kwa mate na kidole, nikaigeuza kwenye mwanga. Ndani yake pamechorwa maneno matatu na mwaka, na maneno yale ni ya Kiswahili.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko baridi ilivyotaka. Kwa miaka saba nimeokota vitu vya Warumi na vya Waingereza, sijawahi kuokota kitu kilichonisemesha kwa lugha ya mama yangu.

Nimemwarifu mkulima, naye ametafuta kwenye orodha ya waliokodi shamba lake na kuwaandikia, hajapata jibu. Nimeripoti polisi. Nimeuliza misikitini na makanisani wanakosali watu wetu. Sheria ya huku inasema kwamba anayeokota kitu na kukichukua bila kufanya juhudi za haki za kumtafuta mwenyewe anaweza kuhesabiwa mwizi, na niliposoma hayo nilimkumbuka mwalimu wetu wa chuo pale Pangani, aliyetufundisha tukiwa wadogo kwamba kitu cha kuokota hutangazwa mwaka mzima mahali watu wanapokusanyika, na kwamba mwokotaji azishike sana alama zake, kama za mfuko kilimokuwa na kamba iliyoufunga, kusudi akitokea anayedai, aulizwe hizo alama. Gazeti lako ndipo mahali watu wetu wanapokusanyika, wa Leicester, wa London na wa mbali zaidi. Ndiyo maana naomba barua hii ichapwe, na kama nafasi itakuwepo, irudiwe tena kabla ya mwaka kwisha.

Maneno yenyewe siyaandiki hapa, wala mwaka, wala shamba silitaji kwa jina. Anayeamini kwamba pete hiyo ni yake, au ya mzazi wake aliyekuja harusini, amwandikie mhariri, ambaye ana anwani yangu. Ataje maneno yale matatu kwa mpangilio wake, ataje mwaka, na aeleze ni upande gani wa pete uliolika kwa kusuguana na pete nyingine iliyokuwa ikivaliwa nayo.

Wako,
Msomaji wenu, mzaliwa wa Pangani,
Leicester, Uingereza